Nikate leso ya kisutu ya mamangu kwa ajili ya picha?

BintiKibokoni

Asalaam aleikum jamani. Nina jambo limenikaa kifuani mwezi mzima, na mkasi uko mezani.

Mimi natengeneza picha za vitambaa. Sitii rangi hata tone. Nakata vipande vya leso, navipanga juu ya bafta, napiga bandi kwa mkono, kisha nashona. Sasa nina picha kubwa, upana mita 2, ya marehemu mamangu akiwa barazani kwetu Kibokoni alasiri, karai la viazi mbele yake. Viazi karai vile ndivyo vilivyotusomesha. Ukuta nimeumaliza, mlango tayari, moshi upo, hata paka yupo. Mahali pa mama ni bafta tupu.

Nimejaribu. Nilikwenda Biashara Street nikanunua kisutu kipya, nikakiroweka kwenye maji ya chumvi, nikakifua mara kumi na mbili, nikakianika darini wiki tatu kwa jua la Januari. Wanga ulitoka, wekundu ukafifia, lakini umefifia sawasawa kote, kama kitu kilichokaa tu. Cha mama kimefifia kwa kuvaliwa. Kiunoni kimepauka, magotini kimekolea mafuta, na wekundu wake ni wa tungule iliyoiva ikapitiliza. Kuna pembe moja aliyokuwa akifungia chenji. Fundo lile lilifungwa na kufunguliwa miaka na miaka hata pembe imejikunja kama sikio la mbuzi, haikubali pasi.

Aliolewa nacho, kikiwa jozi. Kipande cha pili kilitumika siku ya kumwosha, akapewa mwosha. Kimebaki hiki kimoja, ndani ya kasha la nyanyangu. Kazi hii sikutumwa na mtu, na mnunuzi sina. Ninachotaka ni yule mama wa pichani awe ni yeye. Mdogo wangu wa Malindi akisikia nimekikata, sijui nitamtazama vipi. Nikate?

MamaSalim_Likoni

Usikate, mwanangu. Mimi nina leso tatu za mamangu, na nikishikwa na homa najifunika mojawapo. Picha utaitazama tu, hutajifunika.

Na kuna jambo hujalisema. Hicho kisutu ni mirathi. Hata sindano ya marehemu ina wenyewe. Mligawana? Kama hamkugawana, basi huyo mdogo wako si mtu wa kuja kusikia baadaye, ana fungu lake humo kama wewe. Weka mkasi chini umpigie simu kwanza.

FundiBondeni

Mimi ni fundi cherehani, nitasema ya kitambaa tu. Kitoe kashani ukitazame kwenye mwanga wa dirisha, hasa pale kilipokunjwa. Pamba ikikaa miaka kwenye mkunjo mmoja, nyuzi hukatika palepale, na mbao za kasha huigeuza manjano. Kwa hiyo usidhani kule ndani kimehifadhika. Kinakwisha polepole.

Ukiamua kukata, chora kwanza kwenye karatasi ya khaki, ukate karatasi, upange, ulale nayo siku mbili. Leso ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Mtu aliyeketi hatakula hata nusu yake. Acha nusu inchi pembeni, maana nguo iliyochoka hufumuka. Tia bitana ya bafta nyuma ndipo ushone. Gundi usitie kabisa. Na ukiiwekea kioo, kioo kisiguse kitambaa, kwa unyevu huu wetu wa Mombasa kitaota ukungu. Itundike mbali na jua.

MpigaUdi

Babu yangu aliniachia udi. Ulining'inia ukutani miaka, hauna nyuzi, uso umepasuka kwa joto. Nilikua nikisikiliza kanda za mpiga udi Zein l'Abdin, na udi wa nyumbani kwetu ulikuwa bubu. Fundi aliniambia hauponi mpaka uso wote ung'olewe. Pale chini ya nyuzi mbao ilikuwa imechimbika kidogo, alama ya mkono wa babu. Nilishika pale nikakaa, nikakaa, halafu nikasema ng'oa.

Sasa unalia. Nyuzi kumi na moja, na ile nene ya peke yake inatikisa kifua. Sitakudanganya dadangu, alama ile nimeikosa. Uso wa zamani ninao, nimeufunga kwa shuka juu ya kabati, na mpaka leo sijaufungua. Lakini nikipiga, wazee mtaani wananiambia, huyo ni babu yako.

BintiKibokoni

Mama Salim, maneno yako ya mirathi yaliniingia. Hatukugawana, kila mmoja alimwachia mwenziwe. Nikapiga simu usiku uleule. Mdogo wangu alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Usifanye kitu, naja."

Amekuja Jumamosi. Tukakitandika mkekani. Fundi, ulisema kweli: kwenye mkunjo wa kati tumeona mwanga unapita, mstari mzima. Kilinuka mafuta kwa mbali, au labda tulitaka kinuke. Nikamwonyesha picha. Alilitazama karai, akamtazama paka, akauliza mbona mlango haukufunguliwa, maana mama hakuufunga kamwe akiwa nje. Kweli. Nimeufumua mlango.

Kisha akasema kata, ila pembe ya chenji nipe mimi. Pembe ile ndiyo niliyoipangia mkono wa mama, ule ulioshika mwiko. Tangu mwanzo niliiona pale. Nimempa. Ameifunga fundo vilevile alivyokuwa akiifunga mama, akaitia mkobani.

Mkasi wa kwanza ameutia yeye, kwenye ule mstari uliokwisha. Mkono nimeukata kutoka kiunoni, penye kupauka, na umekuja mwekundu wa vumbi, kama mkono ulio karibu na moto. Kimebaki kipande kizima cha upande wa pili, cha kumtosha mtu kujifunika. Mama Salim, hicho hakikatwi. Tutapokezana, miezi sita Malindi, sita huku.

Usiku huu nashona bega la kushoto.