Nati za ekzosi zimeganda kwenye silinda hedi: nafunga mabomba mapya nyumbani, nisaidieni

Klachi_Laini:

Wakuu, habari zenu. Nina pikipiki ya silinda mbili, ya kabureta. Mabomba ya moshi yameliwa na kutu, na chini ya sailensa ya kulia kuna tundu linaloingia kidole. Nimepata seti nzima isiyo ya kiwandani, ya stenlesi: mabomba mawili ya mbele, sailensa zake, klampu na vishikio. Nataka kuifunga mwenyewe, vifaa vya kawaida ninavyo na muda ninao.

Kinachonisumbua ni nati zinazoshika bomba kwenye silinda hedi. Zimekuwa donge la kutu. Nikivuta spana nahisi inasogea, lakini siamini kama ni nati inayofunguka. Nilazimishe? Halafu gasketi za zamani naona bado nzima, naweza kuzirudisha? Na aliyeniuzia kasema nguvu itaongezeka nikishafunga tu. Kuna ukweli hapo?

Mwendo_Pole:

Oili ya kupenya kutu, mwagia leo, fungua kesho. Gasketi usirudishe.

Fundi_Stadi:

Kijana wangu, weka spana chini kwanza. Nati inayosogea kwa ulaini bila kulia ina maana stadi, yaani ule mchi wa nyuzi uliochomekwa kwenye hedi na kushika nati, ndiyo inajisokota, na ikifika hapo imebakiza kidogo ikatike. Stadi ni chuma kigumu, silinda hedi ni aluminiamu. Ikikatika ndani, ukianza kutoboa, keekee inakimbia chuma kigumu na kuingia kwenye aluminiamu laini pembeni yake. Kazi ya saa chache inageuka kazi ya kushusha hedi. Kwa hiyo akili yako yote iweke kwenye nati hizo nne. Mengine yote katika kazi hii yanarekebishika.

Anza na brashi ya waya. Safisha nyuzi za stadi zilizo nje ya nati mpaka uone chuma, maana nati ikianza kutoka itapita juu ya nyuzi hizo hizo, na ikikutana na kutu itakwama tena. Mwagia oili ya kupenya, iache ilale, rudia. Ukija kufungua tumia boksi ya pembe sita, siyo ya kumi na mbili, maana hiyo ya kumi na mbili inakula kona za nati. Na usivute upande mmoja tu. Kaza unywele mmoja, legeza, kaza, legeza. Unasikiliza mlio mdogo wa kutu kuvunjika, ukiusikia umeshinda.

Ikikataa kabisa, pasha nati moto, nati yenyewe na siyo stadi. Hapo nakuomba sana: tangi la mafuta litoke na liwe mbali, kabureta zisiwe na petroli, na oili uliyomwaga uifute yote kabla moto haujakaribia. Ikikataa hata baada ya moto, ipasue nati kwa patasi au ikate ubavuni kwa grainda ndogo. Nati mpya utaipata popote. Stadi iliyozama kwenye hedi ndiyo balaa.

Gasketi: ile hupondeka mara moja tu, ikishachukua umbo la bomba la zamani haiwezi kuziba bomba jipya. Na hili watu wengi hawalijui: gasketi ya zamani mara nyingi hubaki ndani ya tundu la hedi, imeshikana na masizi hadi ionekane ni sehemu ya hedi. Mtu anaweka mpya juu yake, bomba linavuja, anamlaumu muuzaji. Ingiza kidole, tafuta ukingo, ing'oe taratibu kwa ncha ya bisibisi nyembamba. Ziba tundu kwa kitambaa kabla ya kukwangua, takataka zisiangukie kwenye valvu.

Kufunga sasa. Gasketi mpya ishikilie mahali pake kwa grisi kidogo, itaungua yenyewe. Nati zote zianze kwa vidole. Sailensa itundike, klampu zivae, bolti za vishikio ziingie, lakini usikaze chochote. Mabomba yote mawili yakishakaa yenyewe bila kulazimishwa, anza kukaza kwenye hedi. Nati hii kidogo, ile kidogo, huku ukitazama nafasi kati ya flanji (bamba linalobana bomba kwenye hedi) na hedi iwe sawa pande zote mbili. Kisha klampu. Vishikio vya sailensa vije mwisho kabisa. Ukianza na vishikio, bomba linabaki limevutwa muda wote, na joto na mtikisiko vitamalizia kwa kupasua kiungo cha weldi. Stadi ya milimita 6 kwa kawaida hukazwa kama Nm 10 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya milimita 8 kama Nm 20, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho kiamue. Ukipaka grisi ya shaba kwenye nyuzi, na mimi napaka siku zote, punguza kidogo kwa sababu nati huteleza zaidi na kukaza kuliko unavyohisi.

Kabla ya kuwasha, futa mabomba kwa spiriti. Alama za vidole kwenye stenlesi zikipata moto hazitoki tena.

Dada_Jeti:

Fundi kamaliza upande wa nati. Mimi nijibu la nguvu na kabureta.

Kaka, kelele siyo nguvu. Bomba pana kupita kiasi hupunguza mwendo wa moshi injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, na utaona pikipiki imekuwa nzito wakati wa kuondoka. Faida ikipatikana huwa kwenye mzunguko wa juu, na ni ndogo, labda na uzito uliopungua. Kama sailensa zimekuja na kipande cha kuzuia kelele kwa ndani, kiache. Sauti inayozidi desibeli 85 kwa saa nyingi inaharibu masikio, na la kwanza ni lako wewe unayeendesha.

Kabureta usiiguse mpaka uhakikishe hakuna uvujaji. Ekzosi ikipiga milipuko ukiachia akseleta, watu hukimbilia kubadilisha jeti (kitundu cha kabureta kinachopima mafuta), kumbe hewa inanyonywa kwenye kiungo cha hedi. Kikiwa kimeziba vizuri na bado inapiga, funga plagi mpya, iendeshe kwa mzigo, izime, zitoe plagi zote mbili utazame. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe ni hewa nyingi na mafuta kidogo: panda jeti kubwa namba moja tu, jaribu tena. Nyeusi kavu yenye masizi, mafuta yamezidi. Silinda moja ikiwa tofauti na mwenzake, tatizo si ekzosi.

Klachi_Laini:

Asanteni sana. Nati tatu zimetoka kwa kaza-legeza, ya nne nimeipasua, stadi zote ni nzima. Na Fundi, upande wa kushoto gasketi ya zamani ilikuwa ndani kweli, ningeipita bila kuijua.

Sasa sailensa ya kulia: tundu la kishikio limepishana na la fremu kama unene wa kidole. Nikivuta kwa bolti linafika. Nivute?

Fundi_Stadi:

Hongera kwa hizo stadi. Usivute.

Legeza kila kitu hadi hedi. Tazama kama bomba la kulia limeingia lote ndani ya sailensa, hapo ndipo unene wa kidole hupotelea mara nyingi. Kisha lizungushe bomba kwenye hedi polepole huku ukitazama sailensa inakoelekea. Mzunguko mdogo mbele ni mkubwa sana nyuma. Pengo likibaki, weka washa nene (pete bapa ya chuma) au kipande cha bomba katikati ya kishikio na fremu. Tundu likipishana kidogo tu juu au chini, lirefushe kwa tupa.

Ukishafunga, mtu mzito akae juu, wewe tazama kama tairi, mpira wa breki na mkono wa gurudumu la nyuma vinapita bila kugusa bomba. Washa nje, siyo ndani ya chumba. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na bomba linalovuja huitoa karibu na uso wako ukiwa umeinama. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo injini ikiwa bado baridi, mapovu yatakuonyesha panapovuja. Moshi kidogo mwanzoni ni oili na grisi vinaungua, usiogope.

Iendeshe mpaka ipate moto vizuri, iache ipoe kabisa, ndipo ukaze nati za hedi mara ya pili, kwa kipimo kile kile. Halafu tuwekee picha za flanji zote mbili kwa upande, tuone kama nafasi iko sawa.