Kontroli imefeli usiku wa pili mfululizo, bosi anasema "rudia tu". Nifanyeje?

Pipeti_Baridi, Jumatano saa 5:12 usiku
Wanakijiji, habari za usiku. Nafanya kazi maabara moja ya binafsi hapa Nairobi, zamu ya usiku, niko peke yangu. Juzi kontroli ya juu ya potasiamu (sampuli ya kujaribia mashine, ambayo jibu lake tunalijua) ilishuka chini ya mpaka wa SD 2, yaani wastani ukitoa mara mbili ya mtawanyiko wa kawaida (SD). Jana ikashuka tena, upande uleule. Ile ya chini iko ndani ya mpaka lakini nayo inainamia chini. Bosi anasema nirudie mpaka ikubali, maana wakaguzi wa ISO 15189, kiwango cha ubora wa maabara za tiba, wanakuja wiki ijayo na hataki alama nyekundu kwenye chati. Swali langu ni dogo: kurudia kontroli ni makosa? Nijibiwe na wanaojua, tafadhali.

Jogoo_la_Umoja
Mimi nikirudisha githeri jikoni mpaka iive naitwa mpishi hodari. Wewe ukirudia unaulizwa kanuni. Pole.

Fundi_Unga
Sijui damu, najua unga. Kiwandani tunapima pakiti tano za kilo 2 kila saa, wastani unaenda kwenye chati. Kulikuwa na jamaa wa usiku akijaza 2.003, 2.004, 2.003, hajainuka kitini. Alinaswa vipi? Mashine ya kujaza iliharibika saa nane ikatengenezwa saa kumi, na kwenye kitabu chake pakiti za saa tisa zilikuwa na uzito! Sasa hivi anauza mitumba Gikomba na anasema ana amani. Chati hizi si za juzi, Shewhart alichora ya kwanza mwaka 1924 akiwa Western Electric, watengenezaji wa vifaa vya simu huko Marekani.

Mtumishi_Kayole
Mizani ya hadaa imelaaniwa kwenye Maandiko. Vijana wa siku hizi mnataka mshahara bila kutoka jasho.

Pipeti_Baridi
Mtumishi, natoka jasho kuanzia saa moja jioni hadi asubuhi. Nimeuliza kuhusu kurudia tu.

Mzee_Darubini
Nimestaafu baada ya miaka mingi maabara, nikujibu. Alama moja nje ya SD 2 ni onyo. Ukiendesha kontroli mbili kila zamu, karibu mara moja katika kumi mojawapo itatoka nje hata kama mashine ni nzima, na hapo ndipo watu walipozoea kurudia. Lakini kontroli ileile, mara mbili mfululizo, upande uleule? Hiyo inaitwa 2-2s, imo katika kanuni za kusoma kontroli za maabara alizochapisha Westgard na wenzake mwaka 1981. Bahati mbaya haiji hivyo, mashine imehama. Hata ukirudia mara mia hairudi nyumbani.
Sasa nami nikuulize. Hayo ya juzi na jana yamepita. Majibu ya wagonjwa wa usiku huo yako wapi?

Pipeti_Baridi
Asante mzee. Basi nitamwambia bosi aite fundi.

Mzee_Darubini
Sijauliza habari za fundi.

Pipeti_Baridi
Yalitoka. Jana nilirudia mara nne, ya nne ikaja 5.81, nikaandika hiyo peke yake. Wastani wetu ni 6.00 na SD 0.10, kwa hiyo 5.81 iko ndani. Sikubuni namba, mashine yenyewe iliitoa. Wagonjwa 34. Na kabla hamjanirukia, mkataba wangu unaisha mwezi ujao, nina mtoto, na unga ukimwagika hakuna hapa atakayenizolea.

Mama_Wawili
Dada, jana jioni baba yangu alitolewa damu kwenye maabara ya binafsi. Ni mgonjwa wa figo, husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na potasiamu ikizidi ni hatari kwa moyo wake. Potasiamu imekuja 5.3, tukaambiwa arudi tu kwa zamu yake Ijumaa. Mashine yako ikisoma chini, ya kweli ni ngapi?

Karani_Mkavu
Subirini kidogo. Wastani 6.00, SD 0.10, namba zimenyooka kama meno ya bandia. Maabara gani ina namba hizo? Huyu ni mwanafunzi, hili ni swali la mtihani, na Mzee ameshamfanyia bure. Uzi ufungwe.

Jogoo_la_Umoja
Nilijua! Mtoto, mkataba, bosi mkali. Kilichobaki ni mama mkwe.

Fundi_Unga
Hata mimi nimeanza kushuku. Halafu nimemaliza bando nikisimulia.

Pipeti_Baridi
Nilizungusha namba ili nisijulikane! Wastani halisi ni 6.04, SD 0.11. Kontroli yetu ni ya unga, unaweka maji mililita 5 kwa pipeti, unaigeuzageuza taratibu bila kutikisa isitoe povu, unasubiri nusu saa. Sasa hivi ninayo mkononi na ni baridi. Mwanafunzi gani yuko hapa saa hii?

Mzee_Darubini
Nakuamini, lakini piga hesabu. 6.04 ukitoa 0.22 ni 5.82. Hiyo 5.81 yako bado iko nje.

Karani_Mkavu
Eh.

Pipeti_Baridi
(dakika 19 baadaye)
Najua. Bosi alisema tutumie mipaka ya karatasi iliyo kwenye boksi la kontroli. Ni mipana, hata zile tatu za kwanza zingeingia. Chati mpya nimeshaanza kuichora. Nimefika tarehe 9.

Mzee_Darubini
Mipaka ya boksi inabeba tofauti za maabara nyingi, lazima iwe mipana. Yako mliitoa kwenye mashine yenu wenyewe, siku baada ya siku, ndiyo maana imeona. Weka kalamu chini. Sodiamu kwenye kichupa hichohicho ilishuka?

Pipeti_Baridi
Hapana. Iko katikati kabisa.

Mzee_Darubini
Basi maji uliweka sawa. Ungezidisha, vyote vingeshuka pamoja. Angalia elektrodi ya potasiamu, kile kipande cha mashine kinachoisoma.

Pipeti_Baridi
Muda wake umepita. Bosi anajua, anasema mpya iko njiani.

Mzee_Darubini
Haya. Usitoe potasiamu nyingine kwenye mashine hiyo. Tyubu za jana zenye jeli (inayotenga chembe za damu na majimaji yake), zilizozungushwa na kukaa kwenye friji, zinaweza kurudiwa penginepo. Zisizotenganishwa ziache, baridi inafanya chembe zivujishe potasiamu na utapata namba kubwa ya uongo. Hao waitwe wapimwe upya. Anza na wa figo.

Mama_Wawili
Niambie tu ni upande gani wa mji.

Jogoo_la_Umoja
Mama Wawili, usingoje uzi. Mpeleke mzee hospitali usiku huu apimwe tena. Natoa utani wangu wote wa juu.

Mama_Wawili
Tumeshavaa.

Pipeti_Baridi
Zenye jeli ni 26. Tawi letu la pili wana mashine kama hii na elektrodi nzima, nimempigia aliye zamu, amekubali. Bosi hashiki simu. Boda yuko nje, anataka 400 kwa sababu ya boksi la barafu.

Karani_Mkavu
Tuma namba ya boda, nilipe.