Laptopu za zamani Kigoma: mafundi wapige Windows tu, au waweke na Linux pembeni?

Wakuu, tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, jibu ninalolisikia kwa mafundi wengi hapa mjini ni lile lile: nunua mashine mpya, au nikupigie Windows 11 iliyochakachuliwa. Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya mashine, na laptopu nyingi za zamani hazina. Kwa nini mteja asiwekewe pembeni Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows? Windows yake haifutwi. Unaipunguzia nafasi kwenye diski, inayobaki unaipa Linux, na kila akiwasha anachagua aingie wapi. Mambo ya intaneti afanyie Linux, programu ikigoma arudi Windows.

Fundi, Mwanga: Mkuu, wewe huna wateja. Mwenye steshenari ana Excel yenye makro (amri za kujiendesha zenyewe), akiifungua kwa LibreOffice, programu ya ofisi ya kwenye Linux, inavurugika, kesho yuko mlangoni kwangu. Halafu faili la Mint linakaribia GB 3. Bando la nani?

Mwanzisha mada: Ya Excel nakubali, ndiyo maana nimesema pembeni, sijasema badala. Ya bando hapana. Ukipakua mara moja, flashi hiyo hiyo inazunguka mtaa mzima, na ni halali.

Dada wa Ujiji: Mimi ninazo zote mbili. Nikitoka Linux kuingia Windows, saa inarudi nyuma kwa saa tatu. Na mafaili ya Windows nikiwa Linux nayasoma tu, kuhifadhi inakataa. Aliyeniwekea hakunieleza chochote.

Mwanzisha mada: Dada, Linux inaandika saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, kwenye mashine, Windows inaisoma kama ya hapa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Ukiwa Linux, andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye terminal, dirisha la kuandikia amri. Hilo la pili ni Fast Startup, kile kipengele cha Windows cha kuwaka haraka: ukizima mashine, Windows haizimiki kikamilifu, inabaki imeishikilia diski. Zima hiyo Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme ya Windows.

Fundi, Mwanga: Umeme ukikatika nikiwa napunguza patisheni (sehemu ya diski) ya Windows, na betri imekufa?

Mwanzisha mada: Nakala kwanza kwenye diski ya nje, na ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, kama upo. Asiye na nakala, usimguse. Betri iliyokufa nayo, subiri apate nzima.

Fundi, Mwanga: Sawa. Nakala, kupunguza, kuweka, kumfundisha: nusu siku. Anataka kulipa bei ile ile ya kupiga Windows. Hiyo tofauti alipe nani?