Mnaouza mikoba ya kiunoni ya kamera mjini, mmewahi kuivaa ikiwa imejaa?

Assalaam alaikum wadau. Nina hasira na leo nasema, maana tunaoonewa ni wengi na kila mmoja ananyamaza kivyake.

Mikoba mingi ya kiunoni inayouzwa hapa mjini Unguja kwa jina la "mkoba wa kamera" si ya kamera. Ni mikoba ya simu na pasipoti, imetiwa sponji kidogo na kubandikwa picha ya lenzi kwenye lebo. Mkanda wake ni utepe mtupu wa inchi moja. Tieni lenzi ya maana, mtembee kutoka Darajani mpaka Malindi, muone tumbo linavyokatwa.

Mimi napiga picha za harusi upande wa wanawake: singo, kupambwa bibi harusi, mpaka ukumbini. Wanaume huko hawaingii, kwa hivyo hakuna wa kunishikia vifaa. Begi la mgongoni halifai, kwa sababu kila ukitaka kubadilisha lenzi ulivue uliweke chini, na chini wamekaa watu kwenye busati na watoto wanapita. La begani, ukiinama tu linateleza mbele, siku moja litampiga bibi harusi uso. Kiunoni ndipo panapofaa, mikono yote miwili inabaki huru. Ndiyo maana nakasirika nikiuziwa kitu cha ovyo, kwani hiki kwangu ni chombo cha kazi.

Hesabu yenyewe hii hapa. Kamera yangu, Canon 5D Mark IV, ikiwa na betri na kadi ni gramu 890. Lenzi ya 24-70 f/2.8 toleo la pili ni gramu 805. Ile 70-200 f/2.8 toleo la pili ni gramu 1,490. Vitatu hivyo peke yake ni kilo tatu na ushei, bado flashi, bado betri za akiba. Wakati wa kazi kamera iko mkononi, lakini ukipanda gari au ukikaa kula, vyote vinarudi kiunoni.

Sasa sikilizeni niliyofanyiwa. Duka sitalitaja. Nilimwambia muuzaji waziwazi lenzi yangu, ile 70-200, ina urefu wa milimita 199 bila ya kofia yake. Akanihakikishia inaingia, kina cha mkoba ni sentimita 22, imeandikwa kwenye lebo. Nikaomba nifungue nitie lenzi yangu mwenyewe, nilikuwa nayo. Akakataa, eti nailoni ikichanwa nimeshanunua. Nilipofika nyumbani nikapima kwa futi: sentimita 22 ni kwa nje, pamoja na kitako na mfuniko. Ndani hazifiki 18. Lenzi ikisimama zipu haifungi, ikilazwa inameza mkoba mzima. Nikarudi siku ile ile na risiti, mkoba haujatumika, nikaoneshwa kibao: "Mali ikishauzwa hairudi."

Huo ni uongo, jamani. Mtu amekuuliza kipimo, umempa kipimo kisichokuwa cha ndani, na umemzuia asipime. Zanzibar tuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na kumlinda mtumiaji ni kazi yake. Risiti ninayo, malalamiko nayapeleka.

Na hata kipimo kingekuwa sawa, mkanda ule usingenifaa. Wauzaji wanatuhesabia mifuko: huu una mifuko saba, huu una wa chupa ya maji. Mifuko haibebi uzito, mkanda ndio unaobeba. Mkanda mpana wenye sponji ngumu unakaa juu ya mifupa ya nyonga, na mifupa ndiyo inayopokea mzigo. Mkanda mwembamba unapanda kwenye tumbo laini, na ili usishuke inabidi uukaze, basi pumzi inakata na mgongo wa chini unaanza kuuma kabla hata bibi harusi hajatoka. Kwetu sisi tunaovaa baibui ni balaa zaidi, kwa kuwa kitambaa kinateleza na utepe hauna cha kushika.

Tena mkoba uwe mpana na bapa, ulale ubavuni. Uliotokeza nje sana unakuvuta, hata uzito ukiwa ule ule, na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe unakwaruza kuta. Pembeni pawe na vikanda vya kuuvuta uje mwilini. Mfuniko ufunguke kwenda nje, usielekee tumboni, ili mkono uingie moja kwa moja bila ya kutazama. Na velkro muitoe! Watu wametulia, dua inasomwa, wewe unataka betri, ukumbi mzima unageuka kwa ule mkwaruzo. Zipu za chuma nazo hapa kwetu, kwa chumvi hii ya bahari, zinashika kutu.

Jambo moja wauzaji hawalijui kabisa: kuchuchumaa. Nusu ya kazi yangu naifanya nimechuchumaa mbele ya watu waliokaa chini. Mkoba ukiwa mrefu kwenda chini unakandamiza paja na unajisukuma juu mpaka mbavuni. Huwezi kuligundua hilo ukiwa umesimama dukani na mkoba mtupu.

Kwa hivyo ninachodai ni kidogo. Turuhusuni kuvaa mkoba na vifaa vyetu ndani yake kabla hatujalipa. Tutembee, tupande ngazi kama zipo, tuchuchumae, tufungue na tufunge. Andikeni vipimo vya ndani. Asiyetaka mkoba wake ujaribiwe, wadau, msimpe pesa zenu, hata akiapa.

Kama kuna duka Unguja linaloruhusu kujaribu, litajeni hapa kwa uzuri wake. Na wa Pemba, kama Chake au Wete mna fundi anayeshona turubai na mikanda mizito kwa mashine ya viatu, niandikieni. Nataka mkanda wa upana wa sentimita kumi, sponji ngumu ndani, klipu nzito mbele. Mkoba huu nilionao nitamletea aukate atumie vizuizi vyake vya ndani, maana hivyo angalau ni vizima.