Kiitaliano: hivi "ci" na "ne" unajuaje uweke wapi?

ngosha_wa_igoma:
Wakuu habari za jioni. Najifunza Kiitaliano huu mwezi wa nne, vitenzi naenda navyo ila hivi vineno vidogo ci na ne vinanitesa kinoma. Juzi mwalimu wa mtandaoni kaniuliza "Vai al mercato?" (unaenda sokoni?) nikajibu "Sì, vado", akasema hapana, sema "Sì, ci vado". Haya. Akauliza "Quanti pesci compri?" (unanunua samaki wangapi?) nikasema "Compro tre", nayo kosa, eti "Ne compro tre". Sasa hiyo ne ya nini wakati samaki tushawataja? Nipo hapa Mwaloni nasubiri mzigo wa dagaa, daftari limejaa wino mwekundu. Anayejua anisaidie, tena polepole.

dada_kirumba:
Pole mdogo wangu. Mimi ci niliielewa siku nilipoacha kuipitisha kwenye Kiingereza, maana sisi tunayo tayari, ni zile ko, po, mo. "C'è pesce?" ni kuna samaki? Na mtu akikupigia simu akasema "Ci sei?" anauliza upo? Ila sisi ukiulizwa unaenda sokoni unajibu "naenda" yanaisha, wao lazima mahali pasikike.
Ne sasa. Muuza sangara akikuuliza wangapi, unasema watatu, husemi tatu. Ile wa- ndo inamrudisha samaki bila kumtaja. Tre ya kwao haina ngeli, ni tre hata uhesabu mitumbwi, ndo maana ne inabeba hiyo kazi.

mzee_wa_kamanga:
Dada kaeleza vizuri, ila kijana akishika "mahali" peke yake wiki ijayo atakwama. Angalia kitenzi kinafuatwa na nini. Kikiwa na a na kinachofuata ni kitu, si mtu, weka ci: "penso al lavoro" (nafikiria kazi), "ci penso", na hapo hakuna mahali popote. Kikiwa na di, weka ne: "parlo del lavoro" (naongelea kazi), "ne parlo".
Na umiliki usiuchanganye. Di yao haifuati kinachomilikiwa kama ya, wa, cha zetu, inajibana tu na artiko ya mbele (vile vineno il, la, le vinavyotangulia jina la kitu) inakuwa del, della. Lakini mio/mia inafuata kitu, "la mia barca" (mtumbwi wangu) hata kama wewe ni mwanaume mwenye ndevu. Ndugu akiwa mmoja artiko inadondoka, "mia sorella" (dada yangu), wakiwa wengi inarudi, "le mie sorelle". Kama sisi tu, mamangu tunambana, mtumbwi wangu haubaniki.

nyegezi_juu:
Mimi iliyonimaliza ni "me ne vado". Nimehangaika nayo wiki nzima, kumbe ni naenda zangu!! Zangu zipi? Hata sisi hatujui, tunasema tu. Na "vattene" ni nenda zako, usimjaribie mwalimu.

ngosha_wa_igoma:
Aisee hiyo zangu imeingia moja kwa moja. Mzigo umefika, ngoja nijaribu, magunia ni "sacchi" si ndio? "Quanti sacchi ci sono?" Najibu: "Ci sono otto".

dada_kirumba:
Ne umeiacha wapi? "Ce ne sono otto", ci ikikutana na ne inageuka ce. Sema kwa Kiswahili uone: yapo manane. Po ndo ce, ma- ndo ne.

ngosha_wa_igoma:
Yapo manane. Na nimehesabu ni saba 😂 "Ce ne sono sette", ngoja nikamtafute huyu dereva. Me ne vado.