Kugeuza gereji ya nyumbani kuwa chumba cha kuzalishia samaki wa mapambo: nianzie wapi?

Pezi Moja

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimefuga samaki wa mapambo sebuleni kwa miaka minne, katika matangi mawili, na sasa familia imenikubalia nichukue gereji, kwa sharti kwamba ndoo na mipira ya maji isionekane tena ndani ya nyumba. Gereji ina urefu wa mita 5.5 na upana wa mita 3. Sakafu ni ya zege, kuta ni za matofali, na mlango ni wa bati, ambao hata ukifungwa mchana unaona mwanga ukipenya pembeni. Zipo soketi mbili tu, na bomba la maji liko nje, hatua chache kutoka mlangoni.

Nia yangu ni kuzalisha gupi na samaki malaika. Nimechora mpango wa matangi 18 ya lita 60 kila moja, yapangwe kwenye rafu za ngazi tatu ukutani. Gari limeshahamia nje, lakini pikipiki itabaki ndani karibu na mlango. Naomba ushauri katika mambo matatu: je, nipashe joto chumba kizima au kila tangi liwe na hita yake; je, pampu moja kubwa ya hewa inatosha kwa matangi yote; na je, rafu za mbao zitahimili? Kama kuna jambo ambalo sikuliuliza kwa kutolijua, nitashukuru mkilitaja.

Ndoo Mbili

Ndugu Pezi Moja, umeuliza kuhusu joto, hewa na mbao, lakini hukuuliza maji yataingia na kutoka kwa njia gani, na hilo ndilo litakaloamua kama chumba chako kitadumu mwaka mzima. Matangi 18 ya lita 60 ni lita 1,080. Ukibadilisha theluthi moja kila wiki, na kwa vifaranga wanaolishwa mara nne kwa siku hata theluthi ni kidogo, utatoa lita 360 na kuingiza lita 360. Kwa ndoo ya lita 20 hizo ni safari 18 za kutoka na 18 za kuingia, kila wiki, uwe na homa au usiwe nayo. Mimi nilianza hivyo, na jina ninalotumia hapa lilitokana na safari hizo. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa naruka wiki moja, kisha mbili, nitrati, yaani mabaki ya uchafu wa samaki yanayojikusanya majini, ikapanda, na vifaranga wakadumaa wakiwa na urefu wa ukucha huku chakula kikiwa tele.

Kwa hiyo, kabla hujanunua hata kioo kimoja, amua mahali pa kutobolea ukuta ili bomba la maji machafu litoke nje, na mahali pa kuweka mapipa ya maji safi. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini hutulia ndani ya pipa kwa siku moja au mbili, yakipuliziwa hewa na kupashwa joto lifanane na la matangi. Lakini kama mtambo unaokuletea maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kusubiri hakusaidii, kwa maana haitoki kirahisi kama klorini, na itakubidi utumie dawa ya kuiondoa. Uliza kabla hujaamua ukubwa wa pipa. Wapo wanaotoboa kila tangi tundu la juu ili maji mapya yakiingia ya zamani yajimwage yenyewe kwenye bomba. Ni mpango mzuri, ila hakikisha kioo unachotoboa si kile kilichoimarishwa kwa moto, ambacho mara nyingi huwekwa chini ya matangi ya dukani, kwa sababu keekee ikikigusa tu, husambaratika vipande vipande.

Jambo la pili ni hesabu ya matangi yenyewe. Nina shaka kwamba katika mchoro wako umeyagawa kwa kuhesabu wazazi. Jozi moja ya samaki malaika hutaga mayai mamia kwa mkupuo, na ukiyaondoa mayai kwenye tangi lao wanaweza kutaga tena baada ya wiki mbili hivi. Katika nyuzi 27 au 28 mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, vifaranga huanza kuogelea karibu na siku ya saba, na kuanzia hapo ni suala la nafasi tu. Gupi naye huzaa takriban kila wiki nne, na jike aliyekwisha kupandwa mara moja huhifadhi mbegu za dume na kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa hata akikaa peke yake. Usipowatenganisha madume na majike wakiwa na umri wa wiki tatu hadi nne, pezi la chini la dume linapoanza kuchongoka, hutajua tena nani ni mtoto wa nani. Kila tangi moja la wazazi linahitaji matangi matatu au manne ya kukuzia. Ningekuwa wewe ningejenga rafu moja ya matangi tisa, mawili ya wazazi, sita ya kukuzia na moja la karantini litakalokaa mbali na mengine likiwa na wavu wake, kisha ningeona miezi sita inasema nini.

Kuhusu mbao, zitahimili zikiwa nene na mzigo ukisimama juu ya mbao yenyewe badala ya kuning'inia kwenye skrubu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo rafu ya matangi tisa ina kilo 540 za maji kabla hujapima kioo. Usiitegemeze ukutani, isimame juu ya sakafu, na ipimwe kwa pima maji pande zote mbili, kwa sababu sakafu za gereji kwa kawaida huinamishwa kidogo kuelekea mlangoni.

Fundi Waya

Naunga mkono aliyenitangulia, ila katika suala la joto nina la kuongeza. Kwa matangi mengi katika chumba kidogo ni nafuu kupasha hewa ya chumba kuliko kuwasha hita 18, lakini hilo ni kweli tu kama chumba kinaweza kutunza joto, na chako kwa sasa hakiwezi. Mlango wa bati unaopitisha mwanga unapitisha na baridi. Jenga ukuta mwepesi nyuma ya mlango, ujaze kati yake mabamba ya povu gumu, na ufanye hivyohivyo darini. Upande wa ndani wa povu utandike nailoni isiyopitisha mvuke, na maungio yake yazibwe kwa utepe, la sivyo unyevu utapenya na kuganda kuwa maji upande wa nyuma, mahali usipopaona, na utagundua kuvu siku utakayosogeza rafu. Kila tangi liwe na kifuniko cha kioo, maana maji yanayofuka huondoka na joto ulilolilipia, na kisha hukuletea gharama ya pili ya kukausha hewa. Feni ndogo ya kutolea hewa inayojiwasha unyevu unapozidi itakusaidia sana.

Joto hupanda juu, na tofauti kati ya ngazi ya chini na ya juu inaweza kufika nyuzi mbili au tatu. Itumie badala ya kupigana nayo: chumba kikae kwenye nyuzi 24 hivi, gupi wawe chini, na samaki malaika wawe ngazi ya juu, pamoja na hita ndogo katika tangi la wazazi peke yake.

Umeme usiufanye mwenyewe. Mwite fundi mwenye leseni akuvutie laini ya pekee kutoka kwenye kisanduku kikuu, yenye swichi inayojikata umeme unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30. Mwambie aweke swichi mbili za namna hiyo, nusu ya vifaa huku na nusu kule, ili hita moja ikipasuka usiku isizime pampu ya hewa ya chumba kizima. Soketi ziwe juu na kando ya matangi, kamwe zisiwe chini yake, na kila waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi, ili tone la maji linalofuata waya lidondokee sakafuni.

Mzee wa Sponji

Ndugu zangu mmeeleza vizuri, lakini hakuna aliyeitaja ile pikipiki. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji, kwa hiyo chochote kinachoelea humo, iwe moshi, mvuke wa petroli, rangi au dawa ya wadudu, samaki wako watakipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na matangi saba. Jioni moja mtu wa nyumbani alipuliza dawa ya mende nyuma ya kabati lililokuwa mita mbili kutoka kwenye pampu. Mimi niliingia baada ya saa moja hivi nikasikia harufu, na kwa kuwa ilikuwa hafifu sikujali. Kufikia usiku vifaranga walikuwa wakizunguka kama pia juu ya maji, na asubuhi nilivua kwa chujio la chai samaki 200 na ushei. Simlaumu mtu, maana sikuwa nimemweleza mtu yeyote. Pikipiki itoke, makopo ya rangi yatoke, na pampu ivute hewa kwa mpira unaotoka nje, mahali pasipopita moshi.

Pampu moja kubwa inatosha, bali uwe na ya akiba inayotumia betri. Iweke juu zaidi ya maji, au kila mpira uwe na valvu ya kuzuia maji yasirudi, kwa sababu umeme ukikatika maji huweza kufuata mpira hadi kwenye pampu na sakafuni. Zungusha bomba la PVC kuanzia kwenye pampu lizunguke rafu na kurudi lilikoanzia, ili shinikizo lilingane kila mahali, na mwishoni uache valvu ya kumwaga hewa ya ziada. Kubana hewa yote pampu inapofanya kazi huichosha na kuipasua diaframu yake, yaani utando wa mpira unaosukuma hewa.

Na pima ugumu wa maji yako, yaani wingi wa madini yaliyoyeyuka humo, kabla ya yote. Gupi hustawi katika maji magumu, ilhali mayai ya samaki malaika huanguliwa vizuri zaidi katika maji laini. Huenda bomba lako limeshakuchagulia samaki.

Pezi Moja

Nimesoma yote mara mbili, na nimeufuta mchoro. Nitaanza na rafu moja ya matangi tisa, pikipiki nitaitafutia banda, na kesho napima maji. Swali moja limebaki: machujio ya sponji mapya, yale yanayosafisha maji kwa kusukumwa na hewa ya pampu, yatachukua muda gani kabla sijaweka samaki?

Mzee wa Sponji

Yakianza makavu, tarajia wiki nne hadi sita mpaka bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, wawe wa kutosha. Lakini wewe una matangi mawili sebuleni. Nunua sponji tisa leo uzitumbukize humo zikiwa zimeunganishwa na hewa, zifanye kazi kwa muda wote utakaokuwa ukijenga. Siku ya kuzihamisha usizioshe kwa maji ya bomba. Zibebe mbichi ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lilelile, uzipachike, na uweke samaki siku hiyohiyo, wachache kwanza, huku ukipima amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili. Familia ivumilie ndoo hiyo moja ipite sebuleni.