Mguu wa Mjomba na Filamu za Taharuki

*Jumatatu, jioni*

Mjomba Hamisi: Hamjambo nyote kundini. Daktari ameniambia leo kwamba plasta hii ya mguu haitatolewa kabla ya wiki 5 nyingine, kwa hiyo nitaendelea kukaa hapa Pangani, Nairobi, ghorofa ya tatu, dirishani, kama kasuku. Naomba mnitajie filamu za kutazama. Sitaki mapenzi ya machozi wala magari yanayoruka madaraja. Nataka za taharuki, ziwe za zamani au za juzi, zitakazonisahaulisha kwamba ninawashwa chini ya plasta. Kwa sasa ninajikuna kwa chelewa za ufagio, na mke wangu ameanza kuzihesabu zilizobaki.

Baraka: Shikamoo Mjomba, na pole sana. Nitakutumia orodha ya filamu 20 usiku huu huu.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Baraka mwanangu, mgonjwa hapewi orodha ya 20. Hupewa moja, na akaelezwa kwa nini. Hamisi, wewe anza na Rear Window ya Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1954. Mpiga picha amevunjika mguu, amefungwa plasta hadi kiunoni, ameketi kwenye kiti cha magurudumu dirishani katika joto kali la New York, na hana kazi nyingine ila kuwatazama majirani wa ng'ambo ya ua. Siku zinavyopita, anaanza kushuku kwamba mmoja wao amemuua mkewe.

Mjomba Hamisi: Dada, unanipendekezea filamu au unanisimanga?

Mama Mkubwa Mwanaisha: Yote mawili. Hata kujikuna ndani ya plasta kwa kijiti kumo, utajionea mwenyewe. Ila nakuomba uangalie jambo moja. Karibu filamu nzima tunaona kile tu anachokiona yule mgonjwa, kutoka pale pale alipoketi. Lakini kuna usiku mmoja anasinzia, na sisi tulio macho tunaona kitu ambacho yeye hakioni. Kuanzia hapo hutakaa kwa raha, kwa sababu kila anapozungumza utataka kumkatiza.

Zuhura: Mama Mkubwa ameigusa siri yenyewe ya filamu hizi, nami kama mhariri wa video siwezi kunyamaza. Hitchcock alimweleza mwongozaji wa Kifaransa, François Truffaut, tofauti iliyopo kati ya mshtuko na taharuki. Watu wanapiga soga mezani, na chini ya meza pana bomu. Likilipuka bila mtazamaji kujua lolote, amepata mshtuko wa sekunde 15. Lakini akiwa ameonyeshwa bomu likitegwa, na saa anaiona ukutani, basi porojo zile zile zinageuka kuwa dakika 15 za mateso, maana anatamani kuwapigia kelele waache maneno watoke nje. Kwa hiyo Mjomba, filamu ambayo utamu wake wote umo katika kutojua muuaji ni nani hutazamwa mara moja ikaisha. Ile ambayo wewe unajua na mhusika hajui, unaweza kuirudia kila mwaka na bado mikono ikatoka jasho.

Mama Salma: Msimpe Psycho ya 1960, nawasihi. Niliitazama kabla sijaolewa, nikaoga mlango ukiwa wazi kwa mwezi mzima.

Zuhura: Mkaza mjomba, damu ile ya bafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hakuna aliyetambua.

Mama Salma: Iwe sharubati, iwe mchuzi, bafu ni letu sote.

Zuhura: Basi nampa ya karibu na nyumbani. Eye in the Sky, ya Gavin Hood, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2015. Watu wamejifungia katika nyumba moja mtaani Eastleigh, Nairobi, wakivaa fulana za mabomu. Wakubwa wa London wanabishana kama walipue au wasilipue, na rubani wa ndege isiyo na rubani yuko Marekani, kidole kwenye kitufe. Hapo ndipo msichana mdogo anapokuja kupanga mikate yake mezani, kando ya ukuta wa nyumba ile ile. Ni lile bomu la Hitchcock, ila safari hii liko juu ya meza, angani.

Mjomba Hamisi: Hiyo nimeitazama, na nina malalamiko. Nimekaa Eastleigh miaka 9, na ile si Eastleigh. Walipiga picha Afrika Kusini, na mtu aliyewahi kuruka madimbwi yetu anatambua kwa kutazama barabara tu. Hata hivyo, yule jasusi anayeigizwa na Barkhad Abdi alipotaka kuinunua mikate yote ili mtoto aondoke, niliacha kutazama barabara nikaanza kuhesabu mikate iliyobaki mezani. Kwa hiyo nimewasamehe nusu.

Baraka: Nami nina moja, na nitatoa sababu ili nisifokewe. Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Kijana Mweusi wa Marekani anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake Mzungu, na watu wa huko wanamkarimu mno, kwa namna ambayo inaanza kumtia wasiwasi. Sasa, wimbo wa mwanzoni umeimbwa kwa Kiswahili. Unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", nao ulitungwa na Michael Abels. Nilipoitazama mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya, nikarudisha nyuma mara tatu. Mmarekani aliyeketi ukumbini anasikia minong'ono ya kutisha isiyo na maana, lakini sisi tunasikia mtu akiambiwa akimbie. Kijana hajaanza hata safari, na kila mtu anayejua Kiswahili ameshaonywa. Kama alivyosema Zuhura, sisi ndio tunaoliona bomu chini ya meza.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Baraka, leo umepanda cheo. Hilo sikuwa nikilijua, na miaka yote 31 niliyofundisha Kiswahili ningefurahi kuwasimulia wanafunzi. Ila kama ningekuwa na kalamu nyekundu, ningeandika "Wasikilize wahenga".

Mjomba Hamisi: Wahenga wamekusikia, Dada. Je, hakuna yenye utulivu kidogo? Usiku huwa sitaki kelele.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Ipo 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957, na ni ya saa moja na nusu na kitu. Wanaume 12 wa juri, yaani raia walioitwa kuamua kesi, wamefungiwa chumbani siku ya joto ili waamue kama kijana mmoja atahukumiwa kifo. Kura ya kwanza ni 11 kwa 1. Hakuna bastola, hakuna anayefukuzwa, na karibu hutoki chumbani humo hadi mwisho. Zuhura atakueleza ujanja wa kamera, mimi nilielezwa na yeye.

Zuhura: Mwanzoni kamera iko juu ya macho ya waigizaji na lenzi ni pana, kwa hiyo chumba kinaonekana kina nafasi. Kadiri ubishi unavyokolea, kamera inashushwa na lenzi ndefu zinatumiwa, mpaka kuta zinawakaribia watu migongoni na dari linaonekana kama linawakalia vichwani. Mtazamaji hajui kilichofanyika. Anajua tu kwamba hewa imepungua.

Baraka: Ukiipenda hiyo, Mjomba, utaipenda Conclave ya 2024. Ni makadinali waliofungiwa Vatikani wakimchagua Papa, na kila kura inapohesabiwa unasogea mbele ya kiti.

Zuhura: Na Anatomy of a Fall ya Justine Triet, iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2023. Mume ameanguka kutoka juu ya nyumba yao milimani Ufaransa, na mke anashtakiwa. Kilichonishika mimi si ule mwili kwenye theluji, bali lugha. Mwanamke ni Mjerumani, nyumbani wanazungumza Kiingereza, na mahakamani anatakiwa ajitetee kwa Kifaransa. Kuna wakati maneno yanamwishia, na watu wanamtazama kana kwamba amekiri.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Yeyote aliyewahi kumsindikiza mzazi mahakamani hapa kwetu akamwona anakodolea macho Kiingereza cha mawakili hatahitaji kufafanuliwa hapo.

Mjomba Hamisi: Hiyo nitaiacha mpaka nipate miwani mipya, maana maandishi ya chini yananikimbia. Na za nyumbani je?

Baraka: Nairobi Half Life, ya Tosh Gitonga, 2012. Mwas anakuja mjini kutafuta uigizaji, na siku ya kwanza tu anaporwa kila kitu. Kwao alikuwa akiuza filamu za mapigano huku akiziigiza mbele ya wateja. Nadhani ungemnunulia zote.

Mjomba Hamisi: Ningemnunulia. Sisi tulipelekwa na baba kwenye pikapu, tukaegesha mbele ya pazia kubwa kule Thika Road, tukitazama filamu huku tumejifunika blanketi. Na siku za mvua tulikwenda Odeon.

Baraka: Kumbe Odeon ilikuwa sinema? Mimi hushukia pale kila asubuhi nikidhani ni jina la kituo.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Baraka, cheo chako nimekuvua.

*Alhamisi, usiku*

Mjomba Hamisi: Nimeanza na Rear Window, kama nilivyoagizwa na Dada. Kabla sijatoa hukumu, nina swali kwa wanaonifahamu. Jirani wa jengo la mbele, ghorofa ya pili, ametoka leo saa kumi alfajiri amebeba begi kubwa, akarudi saa mbili asubuhi na begi tupu. Jana vivyo hivyo. Na mkewe sijamwona tangu Jumapili.

Mama Salma: Yule jirani anauza mitumba Gikomba, na mkewe amekwenda Murang'a kwa mama yake. Waliniaga wote wawili, tena mlangoni kwetu, wewe ukiwa unakoroma. Nimeificha darubini ya mtoto ndani ya pipa la unga.

Zuhura: Mjomba, filamu yenyewe lakini uliionaje?

Mjomba Hamisi: Nimeitazama mara mbili. Ile sehemu anaposinzia nilimwita kwa sauti mpaka Salma akatoka chumbani. Nina neno moja tu la kulalamika, nalo namwelekezea dada yangu mwalimu, anayejua fika mguu wangu uko katika hali gani na wiki zilizobaki ni ngapi: ulijua filamu ile inaishaje, Dada, na bado ukanipa.

Mama Mkubwa Mwanaisha: Nilijua. Ndiyo maana tangu Jumatatu nimeshindwa kulala kwa kicheko.